Namna ya kulinganisha DSLR ya zamani na mpya kwa kupiga picha nazo, si kwa kusoma namba

Jedwali la sifa litakuambia kwamba Canon EOS 40D ya 2007 ina megapikseli 10.1 na EOS 80D ya 2016 ina 24.2, na wengi huishia hapo. Jedwali halisemi uongo. Lakini halikuambii tofauti hiyo itajitokeza wapi kwenye picha zako: kwenye nywele za mtu aliyesimama juani, au kwenye kivuli kilicho chini ya kofia yake? Pengo kati ya DSLR (kamera ya kioo yenye lenzi ya kubadilishwa) ya zamani na ya sasa halikusambaa sawasawa. Kuna mahali halionekani hata ukilitafuta, na kuna mahali ni kubwa kiasi kwamba kamera ya zamani haiwezi kazi hiyo. Jaribio linalofaa ni lile linalokuonyesha mahali hapo. Unachohitaji ni kamera zote mbili mezani, lenzi moja na saa mbili au tatu za utulivu.

Tutatumia 40D na 80D kama mfano, kwa sababu zote mbili zinapokea lenzi za EF na EF-S (aina mbili za lenzi za Canon), na sensa zake (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) zinakaribiana sana kwa ukubwa. Hatua ni zilezile kwa Nikon D200 na D7200, au jozi nyingine yoyote ya kampuni moja.

Maandalizi

Tumia lenzi moja, uihamishe kutoka bodi (kamera bila lenzi) hadi bodi. Usitumie lenzi mbili za modeli moja, maana hata hizo hutofautiana kidogo zinapotoka kiwandani, na ukali wa picha utakaoupata upande mmoja unaweza kuwa sifa ya lenzi wala si ya sensa. Lenzi ya 50 mm isiyo na zumu inatosha kabisa. Zumu ina kasoro moja: ukiigusa kidogo tu wakati wa kubadilisha bodi, ukubwa wa kitu kwenye picha unabadilika na ulinganisho unaharibika. Ukilazimika kuitumia, funga pete yake kwa kipande cha utepe wa gundi.

Weka kamera kwenye tripodi nzito. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime, kwa sababu lenzi nyingi, hasa za zamani, hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

Mbele ya kamera panga vitu vyenye kazi maalumu, si mapambo. Kitabu chenye maandishi madogo kitapima ukali. Kitambaa cheusi chenye mfumo wa nyuzi unaoonekana kitapima vivuli. Kitu cheupe chenye mikunjo, kwa mfano taulo, kitaonyesha sehemu za mwanga mkali zinapotea lini. Ongeza brashi ya nywele laini na vitu viwili au vitatu vyenye rangi kali, nyekundu ikiwemo. Acha kona moja ya meza iwe gizani kabisa. Mwanga utoke kwenye taa isiyobadilika. Mwanga wa dirishani hupanda na kushuka kila wingu linapopita, na nusu stopu ya tofauti inatosha kukupotosha. (Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu.)

Sasa mipangilio. Rudisha kamera zote kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha zima kila kinachochakata picha bila wewe kujua: upunguzaji wa chenga (vidoa vidogo vinavyochafua picha) kwenye ISO kubwa (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), upunguzaji wa chenga kwenye picha za muda mrefu, na urekebishaji wa mwanga wa kiotomatiki. Kwenye Canon kuna kimoja cha kuangalia kwa makini zaidi, nacho ni kile kinacholinda sehemu nyeupe zisiungue (Highlight tone priority). Hicho hakiishii kwenye JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera). Hubadilisha namna RAW (data ghafi ya sensa) inavyopigwa, na ndiyo sababu ukikiwasha ISO ya chini kabisa inakuwa 200. Mtu akilinganisha kamera moja ikiwa nacho na nyingine bila nacho, vivuli vya ile yenye nacho vitaonekana na chenga nyingi zaidi, na ataulaumu umri wa sensa bure.

Piga RAW na JPEG kwa pamoja. RAW ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu sensa. JPEG itakuambia ukweli kuhusu kichakataji cha ndani, na kama wewe hukabidhi picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera, huo nao ni ukweli unaokuhusu. Mizani ya weupe iwe ya kuchagua mwenyewe, kwa mfano alama ya taa, wala si ya kiotomatiki.

Kupiga picha za msingi

Weka kamera kwenye hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Tafuta kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) inayokupa picha sahihi kwenye ISO 100, ukiangalia histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga) na si mwangaza wa skrini. Skrini ya 40D ina nukta 230,000 na ya 80D ina zaidi ya milioni moja. Ukiziamini kwa macho tu, utafikiri kamera ya zamani inatoa picha chafu, kumbe kinachoonekana vibaya ni skrini.

Fokasi usiiachie kamera. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, ikuze mara 10 juu ya maandishi ya kitabu, zungusha pete ya fokasi kwa mkono hadi herufi zikae wima na kali, kisha usiiguse tena. Kamera zote mbili zinaweza hili. Piga kwa kipima muda cha sekunde 2. Ukipiga kwa kutazama kwenye kitundu cha kuchungulia, fungia kioo juu kwanza, kwa sababu pigo la kioo hutikisa kamera hata iliyo kwenye tripodi, na madhara yake huonekana zaidi kwenye kasi za katikati, takriban kuanzia 1/30 hadi nusu sekunde.

Halafu panda ngazi ya ISO, kila mara ukipunguza muda kwa nusu. Kama ISO 100 ilihitaji sekunde 1, ISO 200 itakuwa 1/2, 400 itakuwa 1/4, 800 itakuwa 1/8, 1600 itakuwa 1/15 na 3200 itakuwa 1/30. Kwenye 40D, 3200 haionekani hadi uruhusu upanuzi wa ISO kwenye menyu ya mipangilio maalumu, nayo huandikwa H. Kwenye 80D endelea hadi 6400 na 12800; ngazi yake ya kawaida inafika 16000. Ukishamaliza bodi ya kwanza, fungua lenzi, funga ya pili bila kusogeza tripodi, rudia fokasi kwa mkono na upige ngazi yote upya.

Angalia pia kama namba ileile ya ISO inatoa mwangaza uleule. Watengenezaji hawapimi kwa namna moja, na si ajabu ukakuta theluthi ya stopu ya tofauti. Ukiikuta, iandike, uifidie wakati wa kufungua RAW. Usiifidie kwa kubadilisha kasi ya shata, maana utakuwa umewapa washindani viwango tofauti vya mwanga.

Kutazama: hapa ndipo wengi hukosea

Fungua RAW za kamera zote kwa programu moja, kwa mpangilio mmoja. RawTherapee na darktable ni za bure na zinafungua mafaili ya CR2 ya bodi zote mbili. Ondoa unoaji wa picha na upunguzaji wa chenga vinavyowekwa na programu yenyewe.

Sasa, ukikuza kila picha hadi asilimia 100 na kuziweka ubavu kwa ubavu, kamera mpya itaonekana ina chenga sawa na ya zamani au hata zaidi, na herufi zake zitaonekana laini. Watu huona hivyo na kutangaza kwamba sensa za zamani zilikuwa bora. Wanachokitazama si kitu kimoja. Picha ya 40D ina pikseli 3888 kwa 2592, ya 80D 6000 kwa 4000. Kwenye asilimia 100, ile ya 80D umeikuza mara 1.54 zaidi kwa kila upande. Pikseli zake nazo ni ndogo, mikromita 3.7 hivi dhidi ya 5.7, kwa hiyo kila moja inapokea mwanga mdogo zaidi.

Ulinganisho wa haki ni kuzileta kwenye ukubwa mmoja. Punguza picha ya 80D hadi upana wa pikseli 3888. Kila pikseli mpya sasa imetokana na takriban pikseli 2.4 za awali, na chenga hupungua kwa karibu theluthi kwa sababu tu ya wastani huo. Zitazame tena. Kwenye ISO 100 hadi 400, katika sehemu zenye mwanga wa kutosha, utapata shida kuzitofautisha. Kuanzia 1600 tofauti inaanza kusemeka, na kwenye 3200 inaonekana kwa jicho lolote.

Fanya na jaribio la pili, la kuchapisha. Kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya 40D inatoa chapisho la sentimita 33 kwa 22 hivi, na ya 80D sentimita 51 kwa 34. Chapisha zote kwa upana wa sentimita 30 na umpe mtu asiyejua ipi ni ipi. Kwenye skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 hali ni wazi zaidi: hizo ni megapikseli 2 tu, na kamera zote mbili zina ziada ya kutupa.

Megapikseli 24 zinaanza kulipa pale unapokata. Ukichukua katikati ya picha ya 80D na kubakiza megapikseli 10, umefanya lenzi ya 300 mm itoe mkato ambao kwenye 40D ungehitaji kama 460 mm. Kwa mpiga picha wa ndege au wa mpira wa miguu hilo ni jambo kubwa sana. Lakini linadai gharama: pikseli ndogo huona kila kosa. Mkono unaotikisika, fokasi iliyopotoka kwa sentimita moja, lenzi ya bei nafuu iliyofunguliwa yote, vyote vinajitokeza. Kanuni ya zamani ya kushika kamera mkononi, yaani 1 gawanya kwa urefu wa lenzi mara 1.6, inakupa takriban 1/80 kwa lenzi ya 50 mm. Kwa 40D inatosha. Kwa 80D, kama una nia ya kukata, anzia 1/160. Kadhalika, ukifunga tundu la lenzi hadi f/16, mwanga unaotawanyika kwenye ukingo wa tundu hulainisha picha, na kwenye pikseli ndogo ulaini huo unaonekana mapema. Anayelalamika kwamba bodi mpya haina ukali aangalie kwanza kasi ya shata, kisha f/ aliyotumia.

Jaribio la vivuli

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Ndilo lenye tofauti kubwa kuliko zote kati ya sensa za vizazi hivi viwili, na jedwali la sifa halilitaji kabisa.

Rudi ISO 100, f/8, kwa kasi ile iliyokupa picha sahihi, tuseme sekunde 1. Piga. Kisha piga 1/2, 1/4, 1/8 na 1/15 bila kubadilisha kitu kingine. Una picha tano: moja sahihi na nne zenye giza la stopu 1, 2, 3 na 4. Kwenye programu ya RAW, ongeza mwanga wa kila picha kwa idadi ileile ya stopu uliyoipunguza, mpaka zote tano zionekane na mwangaza mmoja. Kuza kwenye kile kitambaa cheusi na ile kona ya giza.

Kwenye 40D, stopu 1 haina neno. Stopu 2, chenga zinaonekana kitambaani. Kuanzia 3, weusi unaanza kugeuka zambarau au kijani, nyuzi za kitambaa zinamezwa, na kwenye kona ya giza inajitokeza michirizi iliyonyooka, ya kulala au ya kusimama. Michirizi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Chenga za kawaida jicho huzizoea na programu huzipunguza. Mstari ulionyooka jicho huukamata hata kwenye picha ndogo, na hakuna kitelezi cha kuufuta bila kuharibu kilichobaki. Kwenye 80D picha ya stopu 3 bado inatumika, na ya 4 ina chenga lakini rangi zimekaa mahali pake.

Sababu iko kwenye njia inayopita ishara baada ya kutoka kwenye sensa. Kwenye sensa za Canon za kizazi cha 40D, ishara husafirishwa ikiwa bado haijawa namba hadi kwenye saketi iliyo nje ya sensa, na njiani inaokota takataka za umeme. Sehemu zenye mwanga hazijali, kwa kuwa ishara yake ni kubwa. Vivuli vina ishara ndogo, na takataka ile inalingana nayo. Kwenye 80D kazi ya kugeuza kuwa namba inafanyika ndani ya sensa yenyewe, na uchafu wa njiani umepungua sana.

Hili linabadilisha namna ya kupiga, na ndiyo faida halisi ya kulijua. Kwa bodi ya zamani, usipige gizani ukitumaini kuinua baadaye. Panda ISO wakati wa kupiga: ISO 800 iliyopigwa sahihi kwenye 40D ni safi kuliko ISO 100 iliyoinuliwa stopu 3. Sogeza histogramu kulia kadiri uwezavyo bila sehemu nyeupe kuungua. Kwa bodi mpya tofauti kati ya njia hizo mbili ni ndogo, kwa hiyo unaweza kulinda anga au shela jeupe la bibi harusi kwa kupiga giza kidogo, halafu ukainua nyuso baadaye. Mtu mwenye 40D anayepiga mandhari yenye jua kali na vivuli vizito atapiga picha mbili au tatu za mwanga tofauti juu ya tripodi na kuziunganisha. Itatoka vizuri, ila kila kilichomo lazima kitulie.

Fokasi na mwendo

Picha za mezani hazikuambii lolote kuhusu fokasi ya kiotomatiki, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kuhama. 40D ina pointi 9 za fokasi, zote za msalaba (zinazosoma mistari ya wima na ya kulala); 80D ina 45. Idadi ni jambo moja. La pili, ambalo huonekana haraka zaidi chumbani usiku, ni kiwango cha chini cha mwanga: 40D imepimwa hadi EV -0.5, 80D hadi EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga, na kila EV moja ni stopu moja). Hizo ni stopu 2.5, yaani 80D inaweza kukamata fokasi kwenye mwanga mdogo karibu mara sita.

Jaribu hivi. Punguza taa mpaka 40D ianze kwenda mbele na nyuma bila kushika. Tumia pointi ya katikati, uelekeze kwenye ukingo wenye utofauti wa weusi na weupe, upige mara 10, na kila mara uvuruge fokasi kwanza kwa kuzungusha pete hadi mwisho. Hesabu zilizo kali. Rudia na 80D palepale. Kisha rudia kwa pointi za pembeni. Hapo ndipo kamera za zamani nyingi huanguka, hata zile zinazojivunia pointi nyingi. Kama unatumia lenzi ya f/5.6 pamoja na kirefushi cha mara 1.4, tundu linakuwa f/8: 40D haitashika fokasi hapo, ilhali 80D itashika angalau kwa pointi ya katikati.

Kitu kimoja cha kuchunguza kabla ya kuihukumu bodi. Weka lenzi f/1.8 au tundu lake kubwa kuliko yote, elekeza kwenye karatasi yenye maandishi iliyosimama wima mita 2 hivi kwa lenzi ya 50 mm, upige mara kadhaa kwa fokasi ya kiotomatiki ukitazama kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha kwa fokasi ya mkono ukitazama skrini. Zile za skrini zikiwa kali na za kitundu laini kila mara, bodi na lenzi hazijaelewana; fokasi inaangukia mbele au nyuma. 80D ina marekebisho madogo ya fokasi kwenye menyu: ongeza au punguza hatua 3 hadi 5 kwa wakati mmoja na urudie. 40D haina, kwa hiyo dawa yake ni fundi, au kutumia skrini kwa vitu vilivyotulia.

Kasi ya kupiga mfululizo karibu haikubadilika, picha 6.5 kwa sekunde dhidi ya 7. Kilichobadilika ni pumzi. Kwa RAW, 40D hupiga 17 hivi kabla ya kusita, yaani chini ya sekunde 3. 80D hufika 25 hivi. Tumia kadi ya kasi wakati wa kupima, la sivyo unapima kadi.

Kama unapiga ukumbini chini ya taa za mirija au LED za bei nafuu, ongeza jaribio hili: 1/500, picha 20 mfululizo za ukuta mweupe. Taa hizo huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde kutegemea umeme wa mahali, na picha kadhaa zitatoka nyeusi zaidi au za manjano nusu fremu. 80D ina mpangilio wa kusubiri kilele cha mwanga kabla ya kufyatua. Uwashe na urudie, utaona picha zinalingana. 40D haina, na njia pekee ni kushuka hadi 1/100 au chini yake.

Kuhusu video hakuna cha kulinganisha: 40D haipigi video kabisa. Kwa upande wa Nikon mpaka ni D90 ya 2008, DSLR ya kwanza kuwa na video.

Sensa za ukubwa tofauti

Kama moja ya kamera zako ni ya fremu kamili (sensa kubwa) na nyingine ni APS-C (sensa ndogo, kama ya 40D na 80D), mbinu inabadilika kidogo. Usisogeze tripodi ili kulinganisha ukubwa wa kitu. Ukisogea, umbo la vitu kati yake linabadilika. Badilisha urefu wa lenzi: 50 mm kwenye Canon ya APS-C inaendana na 80 mm kwenye fremu kamili. Ili kina cha fokasi kilingane, f/5 kwenye ndogo ni sawa na f/8 kwenye kubwa. Sensa ya fremu kamili ina eneo kubwa mara 2.6 hivi, na kwa mwangaza uleule hilo ni sawa na faida ya stopu 1.3 ya chenga. Ndiyo maana Canon 5D ya 2005 au Nikon D700 ya 2008 bado huweza kukaa karibu na APS-C za miaka mingi baadaye kwenye ISO ya kati. Kwenye vivuli vilivyoinuliwa, kizazi cha sensa kinaweza kushinda ukubwa.

Usilinganishe kamera mbovu na nzima

Bodi ya miaka kumi na zaidi inaweza kushindwa kwa sababu ya uchovu. Kabla ya kuilaumu, pitia haya.

Vumbi: f/22, ISO 100, fokasi kwenye upeo, elekeza kwenye ukuta mweupe kwa sekunde 1 ukiisogeza kamera polepole wakati shata iko wazi, ili madoa ya ukuta yafutike na ya sensa yabaki. Ongeza utofauti kwenye kompyuta. Madoa yakiwepo, tumia pampu ya mpira, betri ikiwa imejaa, kamera ikitazama chini kwenye hali ya kusafisha. Usitumie kopo la hewa ya kunyunyiza. Hurusha majimaji yanayoganda kwenye kioo cha sensa.

Pikseli zinazowaka zenyewe: funika lenzi, sekunde 30 kwenye ISO 100, tena kwenye ISO 1600. Nukta chache za rangi ni kawaida kwa bodi ya zamani, na programu nyingi za RAW huzifuta. Zikiwa mamia kwenye ISO 100, sensa imechoka.

Shata: nje, mchana, piga ukuta mmoja kwa 1/500, 1/2000 na 1/8000, ukifungua tundu au kupandisha ISO ili mwangaza ulingane. Upande mmoja wa fremu ukiwa na giza kwenye kasi kubwa tu, mapazia ya shata hayaendi sambamba tena. Usifanye jaribio hili chini ya taa, maana kufifia kwake hutoa dalili ileile. Shata za 40D na 80D zote zilipimwa kwa mara 100,000. Namba hiyo ni makadirio. Zipo zinazokufa mapema na zinazopita mbali. Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya faili la picha na programu ya ExifTool huisoma. Canon nyingi haziandiki, inabidi programu izungumze na kamera kupitia waya wa USB.

Nafasi ya kadi: 40D hutumia CompactFlash, yenye pini 50 nyembamba ndani ya bodi. Zimulike kwa tochi. Moja iliyopinda inatosha kuleta ujumbe wa hitilafu, na mtu akilazimisha kadi kuingia humaliza nyingine. Bodi za SD za kabla ya 2006 zina tatizo lake: hazijui SDHC (kadi za SD za ujazo mkubwa), kwa hiyo kadi yoyote inayozidi GB 2 haisomeki. Si ubovu.

Ujumbe wa Err 99 kwenye Canon za zamani hufunika matatizo mengi. Anza na rahisi: zima, toa betri, futa vidoto vya umeme vya lenzi na bodi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, jaribu lenzi nyingine. Ukiendelea na lenzi zote, elekea kwenye shata.

Vinavyoingiliana na visivyoingiliana

Lenzi ndizo zinazobaki bodi zikibadilika, kwa hiyo hakikisha. EF hufunga kwenye Canon EOS zote za DSLR. EF-S hazifungi kwenye fremu kamili wala kwenye 10D na za kabla yake. Zilianza na 300D ya 2003. Kwa Nikon, angalia pande zote mbili. Bodi ndogo kama D40, D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi, kwa hiyo lenzi za AF za zamani zitafunga lakini fokasi itakuwa ya mkono. Upande wa pili, lenzi mpya za aina ya E, ambazo tundu lake huendeshwa kwa umeme, haziwezi kufungwa tundu na bodi kama D80, D90 au D200, na za AF-P hazipati fokasi kwenye bodi hizo. Mtu anayenunua lenzi mpya ili kuifufua bodi ya zamani aanzie hapo.

Na si kila kitu kilipanda. Nikon D70, D50 na D40 husawazisha na flashi hadi 1/500, ilhali 40D na 80D zote huishia 1/250. Kwa anayejaza mwanga wa flashi juani, hiyo ni stopu nzima ambayo bodi ya zamani inampa.

Mafaili nayo yanaongezeka. RAW ya 40D ni MB 12 hivi, ya 80D karibu MB 29. Ijaribu kompyuta yako kwa picha 50 za kila upande kabla ya kuamua, usije ukanunua bodi halafu ukagundua unahitaji na kompyuta.

Ukiamua kubaki na zote mbili kazini, saa zake lazima ziende pamoja, la sivyo picha za tukio moja hazitapangika. Zipange kwa sekunde, kutoka kwenye saa moja ya simu, asubuhi ya kazi. 40D huhifadhi tarehe kwa betri ndogo ya CR2016. Kama tarehe inapotea kila ukitoa betri kubwa, ndogo imekwisha, ibadilishe. Badilisha jina la mwanzo la mafaili kwenye 80D ili namba zisigongane na za 40D. Kisha, kila mwanga unapobadilika, piga kadi ya kijivu kwa kila bodi na usome mizani ya weupe kutoka humo wakati wa kufungua RAW. Ngozi ya mtu mmoja itatoka karibu rangi moja kwenye picha za bodi zote mbili.